Mapipa Matatu, Toroli Moja

Bango letu la kwanza nilikuja kulikuta ziwani. Ilikuwa asubuhi moja ya Novemba 2023, mvua imenyesha usiku kucha, nami nimeshuka ufukweni kwa kile kinjia cha nyuma ya hosteli kinachopenya katikati ya majabali. Bango lilikuwa limenasa kwenye matete pamoja na chupa za maji, kandambili moja na vifuko vya ubuyu. Tulikuwa tumelifunika kwa plastiki ngumu pande zote mbili ili mvua isiliharibu, na kweli halikuharibika. Maneno yake yalisomeka vizuri kabisa: TULITUNZE ZIWA LETU. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nililichomoa, nikaketi juu ya jiwe, nikalia.

Asiyeijua Mwanza huenda asielewe bango lilifikaje pale. Mji huu umejengwa juu ya mawe na kati ya mawe, ndiyo maana unaitwa Jiji la Miamba. Mvua ikipiga jabali haina pa kuzama. Inateleza, inaingia korongoni, na korongo linamwaga ziwani. Katikati ya jiji kazi hiyo inafanywa na Mto Mirongo. Kwetu chuoni, nje kidogo ya mji, inafanywa na korongo moja linaloanzia nyuma ya hosteli ya wavulana. Ukiangusha kitu leo mlangoni kwa chumba chako, mvua moja ya maana inatosha kukifikisha kwenye maji wanamovua dagaa usiku huohuo.

Nilikuwa nasomea ualimu, Jiografia na Kiswahili. Mwaka wa pili, nikitafuta habari za ziwa kwa ajili ya kazi ya darasani, nilikutana na utafiti uliochapishwa 2016. Watafiti walinunua samaki sokoni hapahapa Mwanza, sangara 20 na sato 20, wakawapasua na kuchunguza matumbo. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na chembe za plastiki. Nilitoka maktaba nikasimama kibarazani muda mrefu. Mchana ule nilikuwa nimekula sato. Nikawaza habari ya ukubwa wa ziwa lenyewe, kilomita za mraba zipatazo 68,800, nchi tatu zimelizunguka, na kwamba pamoja na ukubwa wote huo taka zetu zimeshawafikia samaki tumboni.

Ndipo tukaanzisha klabu. Tulikuwa saba. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilipoingia kila mmoja alitoa alichoweza, tukanunua mapipa sita ya chuma yaliyotumika, fundi wa kuchomelea akayakata midomo na kuyawekea vifuniko, sisi wenyewe tukapaka rangi. Kijani kwa mabaki ya chakula, bluu kwa chupa za plastiki, nyekundu kwa takataka nyingine. Seti moja tukaiweka hosteli ya wasichana, nyingine ya wavulana. Mapipa ya bluu tuliyatia kufuli, yakabaki na tundu la kupitishia chupa tu, kwa sababu tulipanga kuziuza chupa zile ili klabu iwe na mfuko wake. Tulizindua tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, ambayo mwaka ule ilihusu plastiki. Waziri wa afya na mazingira wa serikali ya wanafunzi alihutubia. Mimi nilisimulia habari ya sangara na sato, watu wakaguna, na nikaona kwamba ujumbe umefika.

Wiki mbili baadaye kwenye pipa la kijani mlikuwa na chupa, kwenye jekundu ugali, na chini ya mapipa yote kila kitu. Tukaongeza mabango. Tukapita chumba kwa chumba. Tuliporudi kutoka likizo ndefu, hali ikawa ileile, nami nikaanza kuwa mkali. Nilimfokea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mbele ya wenzake kwa sababu ametupa ganda la ndizi kwenye pipa jekundu. Kila kikao cha klabu tulikuwa tunasema neno moja tu: wanafunzi hawana elimu ya mazingira. Tulilisema mpaka tukaliamini.

Sasa nirudi ufukweni. Nilipokuwa napanda na bango langu mkononi nilikutana na mama mmoja mfagiaji, ambaye chuo kizima tulimwita Mayu. Kwa Kisukuma mayu ni mama. Nilimsalimu, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia, akalitazama bango.

"Hilo nalijua," akasema. "Limeanguka mara nyingi. Nikilikuta chini nalirudishia ukutani."

Sikuwa na la kujibu. Mwaka mzima nilikuwa nampita kila asubuhi, yeye na ufagio wake, mimi na mipango yangu, na haikunijia hata siku moja kumuuliza neno. Akanitazama usoni, nadhani aliona nimelia, akasema, "Mwanangu, kesho njoo saa kumi na moja na nusu. Vaa viatu vya kufunika."

Alfajiri ile nilimkuta nje ya hosteli yetu na toroli lenye gurudumu linalolia. Aliinua pipa la kijani akalimimina torolini. Akainua jekundu akalimimina juu yake. Chupa zilizomwagika nje ya pipa la bluu akazikusanya kwa koleo, zikafuata.

"Mayu, mbona unachanganya?"

Hakukasirika. "Mapipa matatu, toroli moja," akasema. "Na huko ninakopeleka, shimo moja. Wewe ungetenganisha wapi?"

Tulilisukuma wote wawili hadi nyuma ya hosteli ya wavulana. Shimo sikuwahi kuliona, ingawa moshi wake niliujua. Kila Alhamisi jioni tulikuwa tunafunga madirisha. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, na ukingo wake wa chini ulikuwa umebomoka kuelekea korongoni. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka ule zilikuwa zinafanya kazi kuliko toroli. Nilisimama pale nikaelewa njia yote ya bango langu, hatua kwa hatua, kutoka ukutani hadi kwenye matete.

Lakini kilichonibadilisha si shimo. Pembeni, chini ya mti, Mayu alikuwa na kona yake. Palikuwa na ndoo mbili za makombo zilizofunikwa kwa sahani, za mama mmoja jirani anayefuga nguruwe na bata. Palikuwa na mafungu ya makopo ya chuma, na salfeti mbili za chupa, moja imejaa nusu. Yaani mtu huyu alikuwa anatenganisha taka kabla mimi sijapata hata fikra ya kutenganisha. Nikamuuliza chupa zinakwenda wapi. Akaniambia kuna kijana wa guta anapita Jumamosi, anapima kwa kilo, analipa papo hapo.

"Zamani zilikuwa zinajaa salfeti tano kwa wiki," akasema.

"Zimepungua kwa nini?"

Alikawia kujibu. Alikuwa anafunga mdomo wa salfeti kwa kamba, akamaliza kwanza kufunga. "Tangu mlipoweka kufuli."

Fedha ile ilikuwa ya sabuni, na ya madaftari ya mjukuu wake. Mshahara anaolipwa na mwenye zabuni ya usafi haukutosha, na mara nyingine ulichelewa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba alidhani ni amri ya chuo.

Siwezi kueleza vizuri jinsi nilivyojisikia. Tangu Juni tulikuwa tunapita chumba kwa chumba tukihubiri juu ya ziwa, na wakati huohuo tumemfungia kufuli mtu pekee chuoni aliyekuwa anaokoa chupa zisifike ziwani. Kilichoingia kwenye pipa la bluu kilikuwa kidogo, hakikufika hata robo ya alichokuwa anakusanya yeye kwa mikono. Zilizobaki, kwa kuwa hazikuwa zake tena, ziliishia shimoni. Tuliongeza taka, na tulimpunguzia mama wa watu riziki, na tulipigiwa makofi.

Jioni ile niliitisha kikao. Mweka hazina wetu alisema klabu bila mfuko itakufa, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Rangi, kadi za simu, nauli za kwenda mjini, vyote vilikuwa vinatoka kwenye chupa zile. Tulibishana hadi mlinzi akaja kuzima taa. Tukapiga kura, wanne dhidi ya watatu, kufuli zikatoka. Mmoja wa wale watatu hakurudi tena klabuni, na mpaka leo nadhani ningeweza kuzungumza naye vizuri zaidi ya nilivyofanya.

Kisha nikafuatana na Mayu wiki nzima, alfajiri hadi saa mbili, ndipo naenda darasani. Sitaki mtu adhani nilikuwa namsaidia. Nilikuwa najifunza. Nilijifunza kwamba taka za Jumatatu ni nyingi kwa sababu ya wikiendi, na za siku ya wali maharage zina makombo kidogo kuliko za siku ya ugali dagaa. Nilijifunza kwamba chupa yenye maji ndani mnunuzi anaikataa, na kwamba kifuniko kinapimwa peke yake. Mambo haya hayakuwemo kwenye bango lolote tuliloandika.

Toroli la pili lilikuwa jambo la kwanza tulilofanya kwa pamoja. Tulilinunua kuukuu, tukabadilisha gurudumu. La Mayu likawa la chupa na makopo, la mfagiaji mwenzake likawa la mengine, na yale mapipa, ambayo wanafunzi walikuwa "hawana elimu" ya kuyatumia, yakaanza kutumika. Hatukuongeza hotuba hata moja. Watu waliona toroli mbili zinaondoka pande mbili, wakaelewa kwamba wakitenganisha hakuna anayekwenda kuchanganya. Yule wa mwaka wa kwanza niliyemfokea nilimfuata nikamwomba radhi. Ndiye baadaye alikuja kushika daftari la mizani.

Makombo ndiyo yaliyotusumbua zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Mwanzoni tuliyadharau. Tulikuwa tunaona plastiki tu ndiyo adui, kwa sababu inaonekana, inaelea. Lakini ziwa hili lina gugumaji, lililoingia mwishoni mwa miaka ya 1980, na kila anayesafiri kwa vivuko vya huku ameliona linavyoziba ghuba na kukwamisha mitumbwi. Gugumaji linanawiri kwenye maji yenye rutuba kupita kiasi. Rutuba hiyo ni naitrojeni na fosforasi, zinazotoka kwenye mbolea za mashamba, kwenye maji machafu, na kwenye makombo yanayooza kama yetu. Ndoo za yule mama mwenye nguruwe zilikuwa mbili, na sisi kafeteria peke yake ilikuwa inatoa ndoo tisa, kumi kwa siku. Saba, nane zilikuwa zinakwenda korongoni taratibu.

Tukaamua kutengeneza mboji. Nilisoma, nikachora, tukachimba. Lundo la kwanza likanuka hadi madarasa ya chini yakalalamika. Ugali ukishiba maji unakuwa kama udongo wa mfinyanzi, hewa haipiti, na kisichopata hewa kinaoza kwa harufu. Inzi wakaja. Wakafuata wale ndege wakubwa wenye mfuko shingoni wanaoonekana mwaloni Kirumba, wakawa wanasimama juu ya paa la hosteli kama walinzi. Tulipewa siku tatu tuondoe uchafu wetu.

Aliyetuokoa alikuwa mpishi mkuu wa kafeteria, mzee wa makamo tuliyemwita Babu ingawa hakuwa na umri huo. Alikuja akatazama, akainama akachukua donge kwa mkono, akalivunja.

"Mnalisha lundo uji," akasema. "Lipeni pumba."

Pumba za mpunga kanda hii ni tele. Kwenye mashine za kukoboa zinarundikwa nje, wenyewe wanatafuta wa kuwaondolea. Kijana wa guta akatuletea magunia kwa bei ya mafuta tu. Tukaanza upya: tabaka la pumba na majani makavu, tabaka jembamba la makombo, udongo kidogo, kisha pumba tena, makavu ndoo tatu kwa ndoo moja ya makombo. Tukafunika kwa magunia ya katani ndege wasipekue. Kila baada ya siku tano tunageuza. Ukilifinya fumbani linatakiwa libaki na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Likitoa maji ongeza pumba, likipukutika nyunyiza maji. Siku ya nne nilichomeka fimbo katikati, nikaichomoa baada ya muda, ikatoka na joto lisiloshikika vizuri. Nilikimbia kumwita Mayu. Alishika ile fimbo, akacheka, akasema, "Limekuwa na homa, litapona."

Lilipona baada ya miezi mitatu. Lilitoka jeusi, linamomonyoka, halina harufu ila ya shamba baada ya mvua. Bustani ya mchicha na chainizi nyuma ya kafeteria ililishwa hilo, na Babu hakununua mchicha Aprili na Mei.

Kwa kuwa nilikuwa sasa naingia jikoni, niliona kuni. Serikali ilikuwa imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na Mei mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Jiko letu lilichelewa. Gesi ilikuja kwa uamuzi wa wakubwa, na nisijipe sifa isiyo yangu. Lakini katika ile miezi ya kungoja tulifanya jambo dogo ambalo nalipenda kuliko mengi. Babu alikuwa anapika maharage makavu, saa tano motoni. Nikamuuliza kwa nini hayalowekwi usiku. Nilikuwa nimeshajifunza kuuliza. Akasema anajua kuloweka tangu utotoni kwa mama yake, ila hana vyombo vyenye vifuniko. Aliwahi kuloweka kwenye masufuria wazi, panya wakaingia, akamwaga gunia zima, akakatwa mshahara.

Kilichokosekana vilikuwa vifuniko! Tulitafuta madumu manne makubwa yenye vifuniko vya kukaza. Maharage yakalala majini, asubuhi yakaiva kwa muda usiofika nusu ya ule wa zamani, na fungu la kuni za wiki likawa linafika siku ya kumi na moja. Kikohozi cha wapishi sikukipima, lakini mmoja wao alinishika mkono akaniambia, "Wabeja sana." Ni shukrani ya Kisukuma, na naikumbuka kuliko cheti nilichopewa.

Habari ya chipsi nitaieleza kwa ufupi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini 1 Juni 2019, na nakumbuka jinsi rambo zilivyotoweka mitaani ndani ya muda mfupi. Kilichobaki ni vile vifuko vyepesi visivyo na mshikio, vilivyoruhusiwa kwa kufungashia, ambavyo watu wamevigeuza kuwa vya kubebea kila kitu cha moto. Getini kwetu kulikuwa na dada anayekaanga chipsi mayai, na jioni moja nilihesabu vifuko 63 alivyotoa. Tulikubaliana naye kwamba anayekuja na hotpoti yake anaongezewa kachumbari. Wasichana waliitikia haraka. Wavulana walisitasita, wakaona ni kama kwenda kuomba chakula, hadi nahodha wa timu ya mpira alipoanza kuja na hotpoti ya rangi ya waridi ya dada yake. Baada ya hapo sikuhitaji kusema kitu.

Miti ndiyo ilinifunza kwa uchungu. Kila klabu ya mazingira inapanda miti, nasi tulipanda, miche 150 juu ya ule mteremko wa korongo. Tulipanda wiki mbili kabla ya likizo, kwa sababu ndipo mgeni rasmi alipopatikana. Tuliporudi, mingi ilikuwa vijiti. Nilimpigia simu babu yangu huko Maswa, nikiwa na nia ya kumlalamikia tu.

Babu yangu aliniuliza swali moja: "Majani ya mteremko huo mnayafanyaje?"

Nikamwambia yanafyekwa. Ndiyo adhabu ya wanaochelewa kurudi hosteli, kufyeka mteremko hadi udongo uonekane, pawe "pasafi".

Akakaa kimya. Kisha akaniambia maneno niliyoyasikia tangu utoto bila kuyasikia. Kwetu Usukumani kuna ngitili. Ni eneo ambalo familia au kijiji kinalifunga masika yanapoanza, mifugo haiingii, majani yanakua yenyewe yaje kuwa malisho ya kiangazi. Mashina ya miti yaliyobaki ardhini nayo yanachipua. Ngitili nyingi zilikuwa zimekufa, zikafufuliwa wakati wa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, enzi Maswa iko bado mkoa wa Shinyanga. Ya babu ilikuwa mojawapo. Nimechunga ndani yake. "Ardhi ina mbegu zake," akasema. "Nyie mnaikata nywele kila wiki halafu mnainunulia wigi."

Kumshawishi mlezi wa wanafunzi aache mteremko usifyekwe kulichukua muda kuliko kazi nyingine zote. Alihofia nyoka, na alihofia wakaguzi wangeona uchafu. Mwisho alikubali kipande tu, kile kinachopakana na korongo, kama hatua 80 kwa 20, tukikizungushia katani. Adhabu ya kufyeka ikahamishiwa kwenye kugeuza mboji. Masika ya 2024 majani yalifika kiunoni. Yalishika udongo, na yalishika kitu kingine ambacho sikukitarajia: taka zilizotoroka toroli zilinasa humo kabla ya kufika korongoni, na Mayu akawa anazichuma humo kama mtu anayevuna kisamvu. Mitatu ya miche yetu iliyonusurika ilinusurika humo ndani, kwenye kivuli cha majani.

Lipo tuliloshindwa, na silifichi. Pedi. Katika hosteli ya wasichana mia kadhaa, kila mwezi, hizo ni taka ambazo hakuna anayetaka kuzitaja, na zilikuwa zinaingia kwenye pipa jekundu na kuishia kwenye moto wa Alhamisi. Zina plastiki ndani yake, moshi wake ni mzito, na aliyekuwa anazichoma kwa mikono mitupu alikuwa Mayu. Tulimpatia glavu na ndoo yenye kifuniko, tukawaomba wasichana wazifunge kwa karatasi. Tulijaribu kuzungumzia pedi za kitambaa zinazofuliwa, lakini maji ya hosteli yalikuwa ya mgao na kamba za kuanikia ziko mbele ya njia ya wavulana. Binti gani ataanika hapo? Tuliandika barua ya kuomba tanuri la kuchomea na uzio wa kuanikia. Nilipomaliza mwaka wa tatu barua ilikuwa bado mezani kwa mtu. Moto wa Alhamisi umepungua, haujazimika.

Siku niliyoondoka ilikuwa Jumamosi ya Julai 2024. Mizigo yangu ilikuwa getini, bodaboda wa kunipeleka stendi ya Nyegezi ananisubiri. Nilimkuta Mayu chini ya mti wake na salfeti saba, na kijana wa guta ameshaning'iniza mizani. Yule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, sasa anaingia wa pili, alikuwa amechuchumaa na daftari. Mayu akanishika bega, akaniambia niwasalimie wazazi, nisisahau kupiga simu. Kisha akageuka, kwa sababu salfeti ya kwanza ilikuwa tayari imetundikwa na mshale wa mizani bado unacheza.

"Ngoja itulie," akamwambia kijana. "Haya. Sasa andika."